Istilahi za Boti za Faiba: Kwa Nini Neno "Dawa" Halitoshi

Makala hii inakusudia kueleza istilahi za vitu vinavyotumika katika kuunda na kutengeneza boti za faiba, pamoja na kutoa sababu za mapendekezo tuliyoyafikia. Haja yake ilianzia mezani petu. Tuliletewa kijitabu cha mafunzo ya mafundi wa boti ili tuthibitishe Kiswahili chake. Kilikuwa kimefasiriwa kwa uangalifu, na sarufi yake haikuwa na dosari ya kutajika. Lakini neno "dawa" lilitumika humo kwa vitu vinne vilivyo mbali mbali kabisa: kimiminiko kinachoanzisha kuganda kwa resini ya poliesta, kimiminiko kingine kinachoharakisha kuganda huko, sehemu ya pili ya resini ya epoksi, na asetoni ya kuoshea brashi. Kila mahali fundi aliamriwa "kutia dawa" au "kuchanganya dawa", na aachiwe mwenyewe kujua ni ipi.

Mfasiri hakulitunga neno hilo. Tulipokwenda kuzitembelea karakana za pwani tulilikuta limetamalaki. Mzee mmoja, fundi aliyeanza ujana wake kwa tezo na keekee katika mashua za mbao kabla ya kuhamia kwenye faiba, alituonyesha boti iliyokuwa imelazwa ubavu chini ya mwembe. Kiraka kikubwa cha ubavuni kilikuwa kinanata kama asali iliyomwagika. "Wanangu," alituambia, "nimetia dawa kama siku zote, kipimo kile kile, na leo ni siku ya tisa." Resini aliyoletewa safari ile ilikuwa ya epoksi, naye aliipimia dawa kwa kadiri ya poliesta. Hapakuwa na la kufanya ila kukikwangua kiraka chote na kuanza upya, kwa resini nyingine iliyonunuliwa kwa fedha za wavuvi wanne wenye boti ile.

Hatukuweza kumlaumu mzee. Kopo la kwanza alilozoea liliitwa dawa, na kopo hili la pili nalo liliitwa dawa. Kwa hiyo tulirudi ofisini tukiwa tumekwisha kukubaliana kwamba kijitabu kile kisingepitishwa mpaka kila kitu kiwe na jina lake.

Faiba na resini

Boti ya faiba ni kitu kimoja kilichofanywa kwa vitu viwili. Nyuzi za kioo zina nguvu nyingi zikivutwa, lakini zenyewe hulegea kama uzi mwingine wowote. Resini ikishakomaa huwa ngumu, lakini pasipo nyuzi huvunjika upesi. Msomaji aliyepata kuona jengo la ghorofa likijengwa ataelewa kwa mfano huo: nyuzi ndizo nondo, resini ndiyo zege. Ufundi huu hauna umri mkubwa. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi katika viwanda vya Marekani katika miaka ya 1930, na mnamo mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, Ohio, aliunda mashua ndogo kwa nyuzi hizo na resini ya poliesta. Leo boti za namna hii ziko pwani yetu na katika Ziwa Victoria kando ya mashua na mitumbwi ya mbao, na katika miaka ya 2020 serikali ya Tanzania imewakopesha wavuvi boti za faiba.

Neno "faiba" lilikwisha kuingia katika lugha kabla ya kamati yoyote kukaa. Kwa asili yake lamaanisha uzi tu, lakini mvuvi akisema "boti ya faiba" anakusudia kitu kizima, nyuzi pamoja na resini yake. Yako maandishi ya ofisini yasemayo "plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo". Maneno hayo ni sahihi, na yafaa kuandikwa mara moja mwanzoni mwa mkataba au hati ya zabuni, lakini hakuna atakayeyatamka ufukweni. Twapendekeza "faiba" ibaki kuwa jina la kitu kilichokwisha kuundwa, na malighafi yenyewe iitwe "nyuzi za kioo". Watumishi wa serikali wanaoandika hati za ununuzi wasidhani kuwa tofauti hii ni ya kitabuni. Aandikaye "faiba, kilo 200" hajasema kama anataka nyuzi peke yake au nyuzi pamoja na resini, na muuzaji atachagua lile linalomfaa yeye.

Resini ilitugharimu mjadala mrefu zaidi. Wapo waliotaka "gundi", kwa kuwa inanata. Tulilikataa neno hilo, maana gundi huunganisha vitu viwili vilivyopo tayari, ilhali katika boti ya faiba resini ni sehemu ya mwili wa chombo chenyewe. Isitoshe, gundi hupakwa kidogo na resini hulowesha. Wengine walitaka "utomvu" au "ulimbo", na mjumbe mmoja alitetea kwa bidii neno "sandarusi". Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Sandarusi ni resini ya kweli, iliyochimbwa katika ardhi ya pwani yetu, na katika karne ya 19 ilipelekwa hadi Salem, Massachusetts, ikatengenezewa vanishi. Lakini sandarusi hulainika ikitiwa moto, na huyeyushwa ikawa vanishi. Resini ya boti ikishakomaa hairudi tena kuwa kimiminiko, hata ukiichoma: itaungua, lakini haitayeyuka. Kumpa fundi neno lenye kumbukumbu ya kitu kinachoyeyuka ni kumpotosha katika jambo la msingi. Tukakubali "resini", neno ambalo wauzaji na mafundi wanalo tayari.

Hapa yafaa tutaje swali tuliloulizwa na mwalimu mmoja wa sekondari: vipi shati la poliesta na boti ya poliesta ziwe na jina moja? Jibu ni kwamba ni ndugu wa ukoo mmoja. Katika poliesta ya kitambaa minyororo ya molekuli imelala kando kando, nayo yaweza kuyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Poliesta ya boti ina minyororo iliyoachwa na nafasi za kushikana, nayo imeyeyushwa ndani ya stairini, kimiminiko chenye harufu kali ambacho ni theluthi moja hivi au zaidi ya uzito wote. Stairini ndiyo inayofunga mnyororo mmoja na mwingine, ikageuka pamoja nayo kuwa kitu kigumu. Kwa hiyo majina hayo hayahitaji kubadilishwa. Yatosha kusema "resini ya poliesta" kwa ukamilifu, wala si "poliesta" pekee.

Dawa

Sasa tuingie katika kiini cha makala. Resini ya poliesta haigandi upesi kwa nguvu zake yenyewe. Huhitaji peroksaidi, ambayo kwa kawaida ni peroksaidi ya methili ethili ketoni. Kazi yake ni kuvunjika na kuanzisha ufungaji wa minyororo tuliyoitaja. Lakini katika hewa ya kawaida peroksaidi hiyo huvunjika polepole mno, kwa hiyo hutiwa kitu cha tatu cha kuihimiza, ambacho aghalabu ni mchanganyiko wa kobalti wenye rangi ya zambarau. Kipimo cha peroksaidi ni kidogo: gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya resini. Fundi ana ruhusa ya kuchezea humo. Siku ya joto hupunguza na siku ya baridi huongeza, na kazi huwa nzuri alimradi asitoke nje ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji.

Epoksi haina tabia hiyo hata kidogo. Ina sehemu mbili, na sehemu ya pili huungana na ya kwanza molekuli kwa molekuli, zikawa mwili mmoja. Ikiwa mtengenezaji ameagiza sehemu mbili kwa moja, au tano kwa moja, basi ni hivyo hivyo, wakati wa joto na wakati wa baridi. Ukizidisha sehemu ya pili, ile iliyozidi hukosa mwenzake wa kuungana naye na hubaki ndani ikilainisha. Ukiipunguza, sehemu ya kwanza ndiyo inayobaki. Anayetaka epoksi igande upesi zaidi hana budi kununua sehemu ya pili ya aina nyingine, yenye kasi. Hawezi kuipata kasi hiyo kwa kuongeza matone.

Hilo ndilo lililompata mzee wetu. Lakini hatari iliyo kubwa kupita kiraka kinachonata iko katika zile dawa mbili za poliesta. Peroksaidi na kobalti zikichanganywa zenyewe kwa zenyewe, nje ya resini, huchemka ghafla, na zaweza kuwaka moto au kulipuka. Utaratibu sahihi ni kukoroga kobalti ndani ya resini mpaka ienee kabisa, na baada ya hapo tu kutia peroksaidi. Resini nyingi zinazouzwa leo zimekwisha kutiwa kobalti kiwandani, nalo ni jambo jema, lakini si zote. Sasa msomaji aifikirie sentensi hii ya kijitabu tulicholetewa: "Changanya dawa zote mbili, kisha tia katika resini." Mfasiri alikuwa ametafsiri kwa ufupi sentensi ndefu iliyotenganisha hatua hizo. Kwa kuwa vitu vyote viwili aliviita dawa, sentensi yake ilionekana kuwa na maana nzuri, na ingalichapishwa.

Kamati ilianza kwa kuunda maneno matatu kwa kufuata kanuni: "kianzishi" kwa peroksaidi, "kiharakishi" kwa kobalti, na "kigumishi" kwa sehemu ya pili ya epoksi. Walimu wa kemia waliuliza kwa nini tusitumie "kichocheo" kwa hicho cha kwanza, kwa kuwa wanafunzi wanalijua. Tuliona kuwa kichocheo, kama kinavyofundishwa shuleni, huongeza kasi ya mmenyuko bila chenyewe kutumika, hali peroksaidi hutumika na kumalizika. Wauzaji wa Kiingereza huliita kwa jina la kichocheo kwa mazoea, na pengine huiita peroksaidi kwa jina lile lile wanaloliita kigumishi cha epoksi. Hatuoni sababu ya kurithi mkorogo wao.

Maneno hayo matatu yalipendeza karatasini. Kisha mjumbe mmoja aliyasoma kwa sauti, haraka haraka, kama msimamizi anayemwita kibarua ng'ambo ya karakana yenye mashine ya kusagia: kianzishi, kiharakishi. Wote tulisikia. Kwa sikio yanafanana, yameanza kwa silabi moja na kwisha kwa silabi moja, nayo ni majina ya vitu viwili ambavyo vikikosewa mtu huungua. Kanuni za kuunda maneno hutufundisha ulinganifu, na twaupenda, lakini ulinganifu una mahali pake. Kwa hiyo uamuzi wetu umegawanyika kwa kufuata matumizi. Katika vitabu vya kemia na katika kamusi, "kianzishi" na "kiharakishi" yatumike, kwa kuwa hutaja kazi ya kitu na yaweza kutumika kwa vitu vingine vya namna hiyo. Katika vitabu vya karakana, katika vibandiko vya makopo na katika maonyo, vitu hivyo viitwe kwa majina yake vyenyewe, "peroksaidi" na "kobalti", ambayo hayawezi kusikika kwa kukosea. "Kigumishi" liwekewe epoksi peke yake, wala lisitumike kamwe kwa poliesta. Neno "dawa" lisiandikwe popote katika maandishi ya kazi hii. Tunajua kuwa litaendelea kusemwa.

Kuhusu vipimo tuna angalizo moja kwa wafasiri. "Sehemu mbili kwa moja" haitoshi. Ni lazima iandikwe kama ni kwa uzani au kwa ujazo, maana sehemu hizo hazilingani kwa uzito, na aliyeambiwa apime kwa kikombe akapima kwa mizani atakuwa amekosea tayari.

Kukauka, kuganda, kukomaa

Mafundi husema resini "imekauka". Neno hilo limetoka katika kupaka rangi, nako huko lina haki yake, kwa sababu rangi nyingi hugumu kwa kupotewa na kimiminiko chake hewani. Resini hugumu kwa kufungamana ndani kwa ndani, hata ikiwa ndani ya kopo lililofunikwa. Tofauti hiyo ina matokeo mazito mikononi. Anayeamini kuwa resini inakauka ataiona nzito, ataizimua kwa thina kama azimuavyo rangi, na thina hiyo itafungiwa ndani ya ubavu wa boti na kuudhoofisha. Ataitoa boti juani ipigwe na upepo, hali jua kali na upepo huondoa stairini katika tabaka la juu kabla haijafanya kazi yake. Tena ataacha kilo mbili za resini iliyotiwa peroksaidi katika ndoo akiendelea na mazungumzo, akidhani kuwa ndoo ikiwa wazi kidogo tu haitakauka. Resini iliyokusanyika mahali pamoja hujipasha moto yenyewe. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo inavyozidi kupata joto, mpaka itoe moshi. Fundi mzoefu huimwaga katika sinia pana ili joto litoke.

Tumependekeza maneno mawili kwa hatua mbili. Kwanza resini "huganda", kama yagandavyo maziwa: haimiminiki tena, lakini kidole huacha alama. Baadaye "hukomaa", kama zege linavyokomaa kwa siku nyingi baada ya kuwa gumu machoni. Muda kutoka kuchanganya mpaka kuganda tumeuita "muda wa kopo", kwa kuwa ni muda ambao fundi anao kuitumia resini iliyomo katika kopo lake. Wafasiri wanaofanyia kazi maandishi ya nchi za baridi watambue kuwa muda ulioandikwa humo aghalabu hupimwa katika nyuzi 20 au 25 za Selsiasi. Kwa kadirio la jumla mmenyuko huongezeka kasi maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, hivyo dakika 30 za huko si dakika 30 za Tanga mwezi wa Februari. Yafaa mfasiri aongeze maelezo hayo, hata kama asili haikuyataja. Kadhalika resini ya poliesta ina "muda wa ghala": hata isipotiwa kitu hatimaye huganda ndani ya pipa lake, na joto huufupisha muda huo. Tarehe iliyo pipani ni jambo la kwanza kuangaliwa na afisa anayepokea mzigo.

Mkeka na mati

Nyuzi za kioo huuzwa kwa sura mbalimbali. Sura inayotumika zaidi ni ya nyuzi fupi zilizokatwa, zikatawanywa ovyo pande zote na kushikizwa pamoja kwa unga au utomvu mwembamba. Kiingereza huiita kwa neno ambalo kila mfasiri hulifasiri "mkeka" bila kusita. Lakini mkeka wa Mswahili umesukwa! Asiyejua kusuka ukili hana mkeka. Katika nyuzi zile hakuna hata mbili zilizosukwa. Tena ipo sura nyingine iliyofumwa kwelikweli kwa mafungu manene ya nyuzi, nayo ndiyo inayofanana na mkeka kwa macho. Fundi aliyesoma katika kijitabu kuwa anunue mkeka, alipofika dukani alinyosha kidole kwenye ile iliyofumwa. Kosa halikuwa lake.

Tofauti hizo mbili si za macho tu. Nyuzi zilizokatwa hunywa resini nyingi, kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, na hushikana vizuri na tabaka lililo chini. Iliyofumwa hunywa karibu sawa na uzito wake na hutoa nguvu kubwa zaidi, lakini matabaka yake mawili yakilazwa pamoja bila kitu katikati huweza kubanduka. Ndiyo maana huwekwa kwa kupishana. Zaidi ya hayo, kile kishikizo cha nyuzi zilizokatwa kimefanywa kiyeyuke katika stairini. Epoksi haina stairini. Fundi akilaza aina ya kawaida kwa epoksi, kishikizo hakiyeyuki, nyuzi hubaki kakamavu, hazikai kwenye pembe, na huonyesha weupe mahali ambapo resini haikufika. Anayetumia epoksi anunue kitambaa kilichofumwa, au ahakikishe kwa muuzaji kuwa kishikizo chake kimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Tulifikiri kulirudisha neno "mkeka" mahali pake, yaani kulipa ile iliyofumwa. Kwa mantiki ilikuwa sawa, lakini yako maandishi yaliyokwisha kusambaa yenye maana ya kinyume, na neno lenye maana mbili zinazopingana ni baya kuliko neno la kigeni. Kwa hiyo twapendekeza "mkeka" liachwe kabisa katika kazi hii. Nyuzi zilizokatwa ziitwe "mati", kama tulivyosikia mafundi kadhaa wakisema. Zilizofumwa ziitwe "kitambaa cha kioo", kikiwa "kizito" au "chepesi", pamoja na kutaja uzito wake kwa mita ya eneo. "Mati ya gramu 450" ni maelezo ambayo muuzaji hawezi kuyakosea.

Rangi isiyokuwa rangi

Uso wa nje wa boti mpya, ule unaong'aa, si rangi iliyopakwa mwishoni. Ni resini nzito yenye rangi ndani yake, iliyotangulia kupakwa katika kalibu kwa unene wa nusu milimita hivi, na matabaka ya nyuzi yakafuata nyuma yake. Mafundi huiita "jelikoti", nasi tumeiacha hivyo baada ya kukataa "rangi ya jeli". Sababu ni hii. Poliesta iliyo wazi kwa hewa hubaki ikinata usoni, kwa kuwa oksijeni huizuia kumaliza kufungamana. Katika kalibu jelikoti imejificha hewa kwa upande wa nje, na upande wa ndani kunata huko kwafaa, kwani tabaka linalofuata hushikana nalo barabara. Aliyeambiwa kuwa ni rangi huinunua apake juu ya boti kuukuu, kisha hushangaa kuona mchanga na mbu wamebaki humo. Kwa kazi ya juu hutiwa nta kidogo, ambayo huelea na kufunika uso. Hapo pana haja ya majina mawili: "resini ya tabaka", isiyo na nta, na "resini ya kumalizia", yenye nta. Ya pili ikishakomaa haipokei tabaka jingine mpaka ipigwe msasa.

Kuhusu uchaguzi kati ya poliesta na epoksi tutasema kwa kifupi, kwa kuwa wafasiri hukutana nao mara kwa mara. Boti mpya ya faiba huundwa kwa poliesta kwa sababu ya bei. Katika kutengeneza, epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokomaa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Aliyeanza kiraka kwa epoksi amalize kwa epoksi. Ukingo wa tundu usagwe kwa mshazari mrefu, mara 12 ya unene: ubavu wa milimita 6 huhitaji mshazari wa milimita 72. Neno "mshazari" tumelichukua kwa maseremala, wala halikuleta ubishi. Juu ya mbao poliesta ni dhaifu. Kuivisha faiba mashua ya mbao zilizopangwa na kutiwa kalafati ni jambo la kuangaliwa sana, maana mbao hizo huishi kwa kuvimba majini na kusinyaa nchi kavu. Ganda gumu halifuati mwendo huo. Hupasuka au hubanduka, na maji yaliyoingia nyuma yake huozesha mbao bila kuonekana. Kijitabu kilisema "paka faiba juu ya mbao". Tumefuta "paka".

Malengelenge yanayotokea chini ya boti baada ya miaka majini tumeyaita hivyo hivyo, malengelenge. Maji hupenya jelikoti polepole, hukutana na chembe zisizokomaa, na hufanya kimiminiko chenye harufu ya siki kinachosukuma kwa nje. Hakuna aliyependekeza neno jingine.

Limesalia moja ambalo kikao hakikulimaliza. Epoksi ikikomaa katika hewa yenye unyevu huweza kutoa juu yake utando mwembamba wa mafuta mafuta, ambao huzuia tabaka jingine kushika. Dawa yake, na hapa neno hili tunalitumia kwa haki, ni maji safi na sifongo kabla ya msasa, kwa sababu msasa peke yake huusukumia utando ndani. Wajumbe wa bara walitaka "utando". Mjumbe wa pwani alisema utando ni wa buibui na wa jicho, na kwamba kitu kinachojijenga usiku juu ya uso laini na kuoshwa asubuhi kwa maji kina jina lake tayari, nalo ni "ukoga", kama wa meno. Tulicheka, kisha tukaanza kulifikiria. Mafundi na wasomaji wenye neno jingine watuandikie kabla ya kikao kijacho.